Mwanafunzi mwenye ulemavu yuko sekondari: tumtayarishe kwa kazi tangu sasa



Katika jarida hili mmezoea kusoma juu ya chanjo, chandarua na maji safi. Safari hii tunaongea juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya. Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapopita nyumba kwa nyumba, tunakuta vijana wenye ulemavu ambao wazazi wao walijinyima sana mpaka wakawafikisha sekondari. Tunafurahi kuwaona na sare. Lakini tukiuliza, "Akimaliza S4 atafanya nini?", nyumba inanyamaza. Mama mmoja alinijibu kwamba yeye anashukuru tu mtoto anatoka nyumbani asubuhi, mengine ni ya Mungu. Ninamwelewa. Lakini kijana aliye S3 leo amebakiza miaka miwili hivi, na baada ya hapo hakuna kengele itakayomwita tena. Tumeona wengine waliomaliza wakarudi kukaa chini ya mti ule ule waliokuwa wakikaa kabla ya kuanza masomo, wakakonda, wakakosa usingizi, wakaacha hata kuoga. Huo nao ni ugonjwa, na ndiyo sababu tunauandikia hapa.

Kabla ya yote, mjue kwamba mtoto wako haombi hisani. Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtu shuleni au kazini kwa sababu ya ulemavu wake. Tena kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008 na Kongo yetu mwaka 2015. Kifungu cha 24 ni cha masomo na cha 27 ni cha kazi. Huna haja ya kuvikariri. Inatosha ujue vipo, ili mtu akikuambia "hapa hatupokei walemavu" usiondoke ukiinamisha kichwa.

Afya yake kwanza

Kazi inahitaji mwili unaoweza kukaa kazini. Kuna vijana wanaofukuzwa kazi au wanaoacha masomo kwa jambo ambalo lingeweza kuzuiwa nyumbani.

Tuanze na wanaotumia kiti cha magurudumu. Mwanafunzi anakaa darasani saa saba au nane. Kama ana jeraha la uti wa mgongo, au alizaliwa na uti wa mgongo ulio wazi, hasikii maumivu matakoni. Nyama inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, na ngozi inaanza kufa bila yeye kujua. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza miezi mingi, na kikiingia mfupani kinaweza kumuua. Dawa yake haina bei: kila nusu saa ajiinue kwa mikono au ainame mbele, kisha upande, akihesabu polepole mpaka sitini au zaidi. Akae juu ya mto, si juu ya ubao au turubai tupu. Jioni mtu amkague, au ajikague mwenyewe kwa kioo. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu peke yake. Papasa uone kama kuna mahali pa moto, pagumu, au palipobadilika rangi. Ukipapata, asikalie pale mpaka pamepona, hata kama kuna mtihani wa majaribio. Aliyepooza miguu kwa polio yeye anasikia maumivu kama kawaida, kwa hiyo hujigeuza mwenyewe, lakini mto na yeye anauhitaji.

Jambo lingine ambalo vijana hawa hawasemi kwa haya: hawanywi maji kutwa, wakiogopa choo cha shule ambacho kiti hakiingii. Matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo, homa, na kukosa masomo. Mzazi, nenda ukione choo hicho kwa macho yako. Mara nyingi mlango ukipanuliwa kidogo na mti mmoja wa kushikilia ukiwekwa ukutani, tatizo linakwisha. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja.

Kifafa kinahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndicho kinachowaharibia vijana wengi kazi, na ndicho kinachosemwa uongo mwingi. Kifafa hakiambukizwi. Povu la mgonjwa halimpi mtu kifafa. Akianguka, mgeuze alale ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa jiwe au jiko lililo karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ngoja. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, mpeleke kituo cha afya haraka.

Vidonge vyake ni vya kila siku. Wengi wanaviacha wakiona miezi mitatu imepita bila kuanguka, kisha wanaanguka vibaya kuliko mwanzo. Vidonge vingine huleta usingizi, hasa wiki za kwanza. Kama anasinzia darasani, mwambie mganga, usimpunguzie dozi wewe. Na binti anayetumia dawa za kifafa akifikia umri wa kuolewa, aongee na mganga kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sasa, kuhusu kazi. Kijana ambaye bado anaanguka asiwekwe penye moto wazi, mafuta ya moto, kisima, ngazi, msumeno wa umeme, wala pikipiki. Boda boda siyo kazi yake, hata kama kaka yake anayo na anataka kumwachia. Nimeshafunga bendeji mkono wa kijana aliyeangukia jiko la chapati. Jiko lile lilikuwa chini, kati ya mafiga, na yeye alikuwa peke yake. Tunachosema si kwamba akae bure. Aweza kushona, kuuza duka, kufuga kuku, kutengeneza simu, kuandika hesabu za kikundi, kufundisha watoto wadogo. Na mahali popote atakapofanya kazi, awepo mtu mmoja anayejua la kufanya akianguka. Siri ndiyo inayomwua mgonjwa wa kifafa kazini.

Kwa wenye ualbino, jua na macho vinakwenda pamoja. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Miwani husaidia kidogo lakini macho yao hayatakuwa kama ya wengine, hivyo akae mbele darasani na ruhusa ya kusimama kuufuata ubao. Kazi ya kutwa shambani au kuuza vitu sokoni pasipo kibanda itamletea saratani ya ngozi. Mchagulieni kazi ya ndani au ya chini ya paa. Kidonda chochote usoni au mikononi kisichopona kwa wiki nne kije kionekane.

Masikio yanayotoa usaha yasiitwe "kawaida ya watoto". Yatibiwe, maana usikivu unapotea kidogo kidogo mpaka mwalimu anadhani mtoto ni mjinga au mkaidi.

Shuleni: mambo yanayodaiwa mapema

Baraza la mitihani la Uganda, UNEB, lina utaratibu kwa watahiniwa wenye ulemavu. Wanaongezewa muda, kwa kawaida dakika 45, na kulingana na hali ya mtahiniwa kuna karatasi ya maandishi ya nukta nundu, karatasi ya herufi kubwa, mkalimani wa lugha ya alama, au mtu wa kuandika anayoyasema mtahiniwa asiyeweza kushika kalamu. Lakini mambo haya hayaji yenyewe. Mkuu wa shule lazima ayaombe wakati wa kuandikisha watahiniwa, na si wiki ya mtihani. Kwa hiyo mzazi, mwanzoni kabisa mwa mwaka wa S4, nenda shuleni na barua ya mganga inayoeleza hali ya mtoto, umwombe mkuu wa shule akuonyeshe kwamba jina la mtoto limeandikwa na hitaji lake kando. Usione haya kuuliza mara ya pili. Mwanafunzi anayeandika polepole kwa sababu ya mtindio wa ubongo, akikosa zile dakika 45, ataandika nusu ya anachokijua. Cheti hakitaeleza kwamba mkono wake ndio uliochelewa.

Kwa wasioona, msidhani mpaka ipatikane mashine kubwa. Kuna kibao kidogo na msumari wake wa kutobolea, kinaingia mfukoni. Kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto na kusomwa kwa kugeuza karatasi. Maandishi haya yalibuniwa na kijana Mfaransa, Louis Braille, aliyejitoboa jicho kwa zana ya baba yake, fundi wa ngozi, akiwa na miaka 3, baadaye macho yote mawili yakapofuka. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuyapanga. Nukta sita tu. Pamoja na hayo, simu nyingi za kugusa za Android zina programu ya kusoma kilicho kwenye skrini kwa sauti, inaitwa TalkBack, haina malipo. Mwanafunzi asiyeona anayejua kuitumia anaweza kuandika barua, kupokea pesa kwa simu, na kuweka hesabu ya biashara bila kumwomba mtu amsomee namba yake ya siri. Kijana wako akijifunza hilo akiwa S2, ana silaha. Kama shule inakataza simu, ajifunze likizo.

Kwa viziwi kuna tatizo letu wakimbizi peke yetu. Mtoto aliyetoka Kivu au Ituri anakuja na alama za nyumbani, au zile alizofundishwa katika shule ya viziwi ya kwetu. Shule nyingi za namna hiyo katika Afrika zilianzia kwa Andrew Foster, mchungaji Mmarekani mweusi ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Alianza Ghana mwaka 1957, akafungua shule nchi nyingi, Kongo ikiwemo, na akafa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Hapa Uganda kuna lugha ya alama ya hapa, na hata Katiba ya mwaka 1995 inaitaja lugha ya alama. Kwa hiyo mtoto anaanza upya, kama sisi tulivyoanza upya na Kiingereza. Mpeni muda. Na ninyi nyumbani jifunzeni naye, angalau alama mia moja. Nyumba nyingi za hapa kambini mtu anayejua kuongea na kiziwi ni mdogo wake mmoja tu, wa miaka minane, na huyo ndiye anayebebeshwa mambo yote, hata ya hospitali. Haifai. Atakayeona kwamba kiziwi hawezi kufika mbali, akumbuke kwamba Alex Ndeezi aliingia Bunge la Uganda mwaka 1996, akawa mbunge wa kwanza kiziwi katika Afrika.

Kuchagua kazi

Hapa kuna mazoea ambayo mimi siyapendi. Kipofu, afume mikeka. Kiziwi, ashone. Mwenye kiti, atengeneze viatu. Mwenye akili nzito, achunge mbuzi. Watu wanatazama ulemavu, kisha wanatoa kazi kama vile wanatoa kidonge. Na kila mradi unaokuja unaleta cherehani, mpaka sasa barabara moja ina mafundi wa kushona kuliko watu wenye kitambaa.

Tazama kijana kwanza. Anafanya nini bila kutumwa? Yupo anayefungua redio iliyokufa, yupo anayejua bei ya kila kitu sokoni, yupo ambaye watoto wa jirani wanamfuata wapi aendako. Pili, tembea naye sokoni siku ya soko muangalie watu wananunua nini, na nini wanakifuata mbali mpaka mjini. Tatu, ndipo uulize ulemavu: kikwazo kiko wapi hasa, na je kinaweza kusogezwa?

Mara nyingi kinasogezwa. Aliyepooza miguu hawezi kukanyaga cherehani ya miguu, lakini ipo cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Anayetaka kutengeneza simu anahitaji meza ambayo magoti na kiti vinaingia chini yake. Fundi mbao akate miguu ya meza au aiinue kwa matofali. Kinyozi kiziwi aweke ukutani picha za mitindo na bei, mteja aonyeshe kwa kidole. Mwenye mkono mmoja apate jiliwa au kibano cha kushikilia kitu mezani. Kikwazo kingine kiko njiani: kama barabara ya sokoni ni matope tupu wakati wa mvua, kibanda cha mwenye kiti kiwe karibu na nyumbani au karibu na shule, pasipo na mteremko. Kuna biashara zinazokufa kwa sababu ya mita 300 za matope.

Anayejifunza polepole

Wazazi wengi wa vijana wenye ulemavu wa akili hudhani sekondari haiwahusu. Wengine wamefika huko kwa kusukumwa darasa hadi darasa, wanakaa nyuma wakinakili ubao bila kuelewa. Hao wanahitaji kazi iliyokatwa vipande vidogo.

Chukua biashara ya kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua. Kwa macho yetu ni kazi moja. Kumbe ni nyingi: kupokea simu, kubandika namba, kumpa mteja namba hiyo hiyo, kuchagua waya, kuchomeka, kutazama kama imejaa, kuchomoa, kudai namba, kulinganisha, kurudisha simu, kupokea pesa, kuweka kwenye kopo. Ukimfundisha zote siku moja atachanganyikiwa, nawe utakasirika. Anza na ya mwisho. Wiki ya kwanza wewe fanya yote, yeye apokee tu pesa na kuiweka kwenye kopo. Akishika hiyo, ongeza iliyo kabla yake: arudishe simu, kisha apokee pesa. Unarudi nyuma kipande kwa kipande. Kwa njia hii kila siku anamaliza kazi, na kumaliza kunampa moyo. Chora picha za hatua hizo kwenye karatasi, bandika mbele yake.

Pesa mfundishe kwa pesa yenyewe, si kwa vipande vya karatasi. Noti ya shilingi 1,000 na ya 5,000 azitambue kwa rangi. Bei iwe moja tu, ya noti au sarafu kamili, ili asihitaji kurudisha chenji mpaka atakapozoea. Kijana mmoja wa hapa ilimchukua miezi mitano. Sasa mteja akikosa namba yake, hampi simu hata kama ni baba yake mdogo.

Kujaribu kazi wakati wa likizo

Mwaka wa shule una likizo tatu: karibu na Mei, karibu na Agosti au Septemba, na ile ndefu ya Desemba na Januari. Kuanzia S2, likizo moja ya kila mwaka iwe ya kujaribu kazi. Wiki mbili zinatosha. Akae na fundi, au muuza duka, au mwalimu wa chekechea, aone kama anaipenda kazi na kama mwili unaikubali. Kuiacha baada ya wiki mbili si kushindwa. Ni nafuu kuliko kuiacha baada ya kulipia karo ya mwaka mzima ya ufundi. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye pia kazi za vitendo, hivyo mwombe mwalimu kazi ya mtoto ihusu ufundi anaoujaribu.

Kabla hajaanza, mzazi kaa na fundi mkubaliane kwa mdomo, na ikiwezekana kwa karatasi: saa ya kufika na kuondoka, atafundishwa nini, choo kiko wapi, maji ya kunywa yako wapi, na nani ataambiwa akiugua. Kumfagilisha wiki mbili siyo kumfundisha. Fundi naye aelezwe ukweli wote wa ulemavu. Usiufiche ukidhani utamsaidia mtoto.

Mwanafunzi, wewe mwenyewe ndiye utakayesema mbele ya fundi, siyo mama yako. Jizoeze maneno matatu: mimi ni nani, naweza nini, nahitaji nini. Kwa mfano: "Mimi ni mwanafunzi wa S3, naitwa fulani. Najua kupima na kukata kitambaa, na sichelewi. Sisikii, kwa hiyo nakuomba uniguse begani na kunionyesha, au uniandikie." Maneno haya machache yanamwondolea mwajiri hofu, kwa kuwa mara nyingi ana hofu kuliko chuki. Hajui aanzie wapi na wewe.

Kwa mabinti, na kwa wavulana pia, kuna jambo zito ambalo lazima tuliseme. Vijana wenye ulemavu wanabakwa na kushikwashikwa, na anayefanya hivyo mara nyingi anafahamika nyumbani. Anadhani kiziwi hataweza kueleza, asiyeona hataweza kumtambua, mwenye akili nzito hataaminiwa. Kwa sababu hiyo wazazi wengine wanawafungia ndani. Kufungia hakulindi, maana mkosaji mara nyingi yuko ndani au jirani. Kinacholinda ni hiki: ajue majina ya sehemu zote za mwili wake, kwa maneno au kwa alama, ajue kwamba anaruhusiwa kukataa hata kwa mtu mzima, ajue watu wawili wa kuwaeleza, mmoja nje ya nyumba. Mahali pa kazi pawe wazi, panapoonekana na wapita njia, na asibaki peke yake na mtu mmoja jioni. Kama jambo limetokea, aje kituo cha afya mara moja, asioge kwanza. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, lakini kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Msikae kwanza kupatana mbuzi au fedha na familia ya mkosaji. Saa zinahesabika.

Kazi za nyumbani nazo ni masomo

Huruma nyingine inaharibu. Kijana wa miaka 17 hajawahi kuosha sahani, hajawahi kutumwa dukani, anaamshwa, anaogeshwa ingawa mikono yake ni mizima, chakula kinaletwa. Dada yake wa miaka 12 ndiye anayechota maji. Siku huyu kijana atakapopata kazi, ataiacha kwa mambo ambayo hayana uhusiano na ulemavu: atachelewa, hatasalimia wateja, atakasirika akikosolewa. Mpe zamu kama wengine. Aliye kwenye kiti aweza kuchambua maharagwe, kupika kwenye jiko lililoinuliwa juu ya meza imara, kulea mtoto mdogo, kuweka hesabu ya nyumba. Asiyeona aweza kufua na kuchota maji akizoezwa njia kwa fimbo yake. Mpe pia pesa kidogo azipange mwenyewe, hata kama atazila. Na kikundi cha akiba mnachokutana kila wiki, mruhusu aingie na hisa moja kwa jina lake. Aliyezoea kuweka akiba hata kidogo, anaaminiwa anapoomba mkopo wa kwanza wa kununua vifaa.

Kama una kijana wa namna hii nyumbani, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chenu, au njoo kituo cha afya pamoja na kijana mwenyewe. Usimwache nyumbani ukaja kumsemea. Leta kadi ya familia, kitabu chake cha matibabu, ripoti ya shule ya muhula uliopita, na dawa anazotumia zikiwa na pakiti zake. Kama anatumia kiti, magongo, kiatu maalum au kifaa cha masikio, aje nacho hata kama kimevunjika, ili kipimwe. Mtoto anakua, na kiti cha akiwa na miaka 11 hakimfai akiwa na 16. Wanaoingia S4 mwaka ujao waje kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu barua ya mganga ya kupeleka kwa mkuu wa shule inachukua muda kuandikwa.